Mshono wa Ndani

Kipkurui alinikasirikia siku ya Jumamosi, saa saba mchana, nikiwa nimeinama na grainda mkononi. Kama kuna wakati mbaya wa kumkasirikia mwanamke, ni huo. Cheche zilikuwa zinaruka hadi barabarani, kelele imejaa karakana nzima, na yeye amesimama mlangoni na gambuti zake za kukamulia, midomo inacheza. Sikusikia hata neno moja. Nilimwona tu. Na niseme ukweli mapema, mtu asije akanifikiria vibaya baadaye: hata akiwa amekunja uso namna ile, moyo wangu ulifanya kile ambacho umekuwa ukifanya kwa miaka mitatu kila nikimwona mwanaume huyu. Uliruka.

Nilizima grainda nikavua miwani.

"Umesema?"

"Nimeuliza, ni kweli?"

"Nini ni kweli?"

"Bitu, usinizungushe. Masese ameniambia pale kwa maziwa. Ati Jumatatu unaripoti Naivasha kwa mafunzo. Miezi tisa! Na mimi naambiwa na Masese?"

Masese ndiye mwenye karakana yetu hapa Silibwet. Ni fundi mzuri mwenye mdomo usio na kifuniko. Nilikuwa nimemsihi anyamaze hadi jioni tu, na hata hilo lilimshinda.

"Nilitaka kukuambia leo," nikasema. "Wewe na mama yako pamoja."

"Mama?" Alicheka kicheko kibaya. "Unajua Mama atasema nini. Koito ya mahari yetu imebaki wiki tatu. Wazee wameshaambiwa, shangazi zangu wameshaambiwa, baba yako amekubali kuja kutoka Sotik na watu wake. Halafu wewe unafunga bag."

Nilijua mama yake angesema nini. Kaka yake Kipkurui, Weldon, alikwenda Uarabuni kufanya kazi kwa miaka miwili. Huu ni mwaka wa sita. Hupiga simu Krismasi, siku hizi hata Krismasi akisahau hakuna anayeshangaa. Tangu hapo, nyumbani kwa kina Kipkurui neno "kwenda" halisemwi kwa sauti. Mama yake, Mama Tecla, alinikubali mimi, binti wa Kisii, tena ninayevaa ovaroli na kunuka moshi wa chuma, kwa sharti moja ambalo hakulificha: mke wa Kipkurui atakaa.

Nilitoa barua kwenye mfuko wa kifuani nikampa. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi tangu Jumatano hadi imeanza kuchanika. Aliisoma akiwa amesimama, kidole kinafuata mistari.

"Watu arobaini walifanya ile test mwezi wa sita," nikamwambia. "Walipiga picha za X-ray kwa kila joint tuliyochomelea. Wamechukua sita. Mwanamke ni mimi peke yangu."

Niliona shavu lake likitaka kutabasamu, halafu likakatazwa.

"Kip, unakumbuka mwaka jana boila ya kiwanda cha chai ilipofungwa irekebishwe? Unakumbuka nilipewa kazi gani?"

"Ulisema uliitwa kusaidia."

"Nilishika taa. Siku nne. Mimi nina miaka nane ya kuchomelea, na nilishikia watu wa Nairobi taa, kwa sababu wao wana cheti na mimi sina. Na hata siwalaumu. Bomba la mvuke likipasuka linaua mtu. Huwezi kumpa mtu hivi hivi. Lakini nikikaa hapa nitachomelea mageti na madirisha mpaka nizeeke, na kila boila ikifungwa, kila tangi la maziwa likivuja, watu watatoka mbali na pickup yao, na mimi nitashika taa."

"Mageti yako ni mazuri."

"Najua mageti yangu ni mazuri!"

Kule nje mtu alikuwa akijadiliana bei ya miche ya chai na mwenye pikipiki. Kipkurui aligeuka akauona mtungi.

Ulikuwa juu ya meza ya kazi, umefunikwa gunia jipya. Alilivuta gunia, na nikaona hasira ikimtoka kidogo kidogo bila yeye kutaka. Mtungi wa maziwa wa lita ishirini, wa chuma kisichoshika kutu, nilioutengeneza kwa vipande vilivyobaki kiwandani. Nilichukua majuma mawili, kila jioni baada ya kazi. Shingo nyembamba, mabega ya mviringo, vishikio viwili. Mshono wa nje nilikuwa nimeung'arisha hadi unaona uso wako. Ulikuwa zawadi ya mama yake, na sitajifanya: ulikuwa pia hongo. Nilitaka aupokee kwanza, afurahi, halafu ndipo nimwambie habari ya Naivasha.

"Umefanya hii wewe?" Aliuinua, akauzungusha. "Bitu. Hii ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa niambie. Bomet nzima, nani anaweza kufanya hii? Mtu anajua hivi anaenda kufundishwa nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Kulikuwa na jambo moja kuhusu mtungi ule ambalo nilikuwa nalijua na yeye halijui. Lakini alikuwa akiniangalia kwa yale macho yake, yale ya siku ya kwanza alipoleta trela yake ichomelewe akasahau kuondoka, na nikashindwa. Nani hupenda kujishusha mbele ya macho kama hayo?

"Twende," nikasema. "Mvua itatukuta."

"Ukimwambia Mama leo, sitakutetea. Nakuambia mapema. Weldon pia alisema anarudi."

"Mimi si Weldon."

"Hata yeye hakujua ni Weldon mpaka alipoenda."

Sina la kukuambia kuhusu neno hilo ila kwamba liliniuma, na liliniuma kwa sababu alilisema polepole.

Kwa kawaida nikipanda pikipiki yake humshika kiunoni na kulaza shavu langu mgongoni kwake, hata kama barabara ni lami tupu. Siku hiyo mtungi ulikaa katikati yetu. Niliushika kwa mikono miwili, tukapita mashamba ya chai, na matone ya kwanza yalitupata tukiingia langoni.

*

Mama Tecla alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti kifupi, sotet iko katikati ya magoti yake. Kwa asiyejua, sotet ni kibuyu cha kutilia maziwa yakae yawe mursik, maziwa ya mgando, na kazi ya kukitengeneza si mchezo. Unakisugua ndani kwa sosiot, ule ufito wa mtende, halafu unaingiza kaa la mti wa senetwet, unasaga, unapaka kuta zote za ndani, hadi kuwe laini. Mama Tecla ameifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na zaidi. Watu hutoka Kapkatet kuja kununua mursik yake. Mimi nilipoionja mara ya kwanza nilikunja uso akanicheka. Siku hizi nisipopewa naulizia.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising. Kaa, mtoto yangu. Mbona nyinyi mmenyeshewa na hamchekani?"

Hakuna kitu kilichompita mwanamke yule. Kipkurui alijifanya anatafuta taulo. Mimi nikaweka mtungi mbele yake, nikatoa gunia.

"Nimekuletea, Mama. Nimetengeneza na mikono yangu."

Aliweka sotet chini taratibu. Alifuta mikono kwa leso. Alizunguka mtungi kwa macho, kisha kwa viganja, mabega, shingo, vishikio, na kila alipogusa, pumzi yangu ilishuka. Kipkurui alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu kama yeye ndiye fundi.

"Haina kutu?" akauliza.

"Haitashika kutu, Mama. Hata miaka ishirini."

"Ni msuri kapisa," akasema. "Msuri sana."

Halafu akakunja mkono wa sweta hadi begani, akaingiza mkono wake wote ndani ya mtungi.

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimemtengenezea mtungi mwanamke ambaye maisha yake yote amekuwa akihukumu vyombo kwa ndani, na mimi nikang'arisha nje.

Alifumba macho. Kidole chake kilikuwa kinatembea kule chini, kwenye mshono wa kitako, nami nilijua kimefika wapi kwa kuangalia bega lake. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

"Hapa kuna mchanga," akasema.

"Sio mchanga, Mama," Kipkurui akadakia. "Ni mpya hiyo. Bitu ameosha."

"Ni mchanga. Na haitoki. Imeshika." Alitoa mkono akaangalia ncha ya kidole chake, kisha akaniangalia mimi. "Maziwa italala hapa. Kesho ile ingine italala juu yake. Siku ya tatu mtoto wa mtu anaumwa na tumbo. Kwa sotet, hii narudia yote."

"Lakini Mama, hiki ni chuma! Si kibuyu."

"Na maziwa inajua hii ni chuma?"

Mama Tecla aliusukuma mtungi kidogo kunielekea, bila hasira, vile mtu anavyorudisha sahani ambayo haikuoshwa vizuri.

"Hii siwezi kutumia, mtoto yangu. Usikasirike."

Sikukasirika. Nililia. Sijui kama ni aibu, ama ni yale majuma mawili, ama ni Naivasha, ama ni mtungi kukaa kati yangu na mgongo wa Kipkurui. Nilijifuta kwa mkono wa ovaroli nikajipaka masizi uso mzima.

"Nilijua," nikasema. "Mama, nilijua. Hiki chuma ukikichoma, upande wa nyuma unashikwa na hewa, unaungua, unakuwa hivyo, chengachenga. Nje nimesafisha na grainda, lakini ndani shingo ni nyembamba, grainda haingii. Nikasema hakuna mtu ataona."

"Mimi sikuona," Mama Tecla akasema. "Nilishika."

"Ndio, Mama."

"Na hiyo ya kufanya ndani isiungue, iko?"

"Iko. Unajaza gesi ndani inasukuma hewa nje, halafu unachoma. Lakini kuna vile inafanywa, sijui vizuri. Nimejaribu nikaharibu vipande vingi."

"Nani anajua?"

"Hapa kwetu sijaona mtu. Wale wanajua wanatoka mbali."

"Na wewe hujaenda kutafuta?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu sasa. Nilimwangalia Kipkurui. Aliniambia hatanitetea, na sikutaka kumwomba. Barua ilikuwa kwake, hakuwa amenirudishia. Niliona mkono wake ukienda mfukoni mwa koti, ukakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kutoa karatasi.

Kisha akaitoa. Akachuchumaa karibu na mama yake, akaanza kumsomea. Barua ilikuwa ya Kiingereza na Mama Tecla hajui Kiingereza, kwa hiyo aligeuza kila sentensi kwa Kikipsigis. Mimi Kikipsigis changu ni cha sokoni, lakini nilisikia vya kutosha. Angeweza kuruka mistari. Nani angejua? Angeweza kusema ni barua ya kazi tu, ya hotelini, ya popote. Alisoma yote. Alisoma miezi tisa. Alisoma kwamba watakaofaulu wataajiriwa kwa mkataba ama waende wanakotaka na cheti chao, kwa sababu viwanda vya maziwa na vya chai vinawatafuta. Na alipofika kwenye orodha ya masomo, aliusoma mstari wa tatu mara mbili, akaonyesha kwa kidole: kulinda upande wa ndani wa mshono kwa gesi. Alikohoa akaendelea.

Nilimpenda sana dakika ile. Nilimpenda hadi nikaogopa.

Mama Tecla aliangalia ukutani, ambako picha ya Weldon imebandikwa kando ya kalenda ya chama cha maziwa, amevaa kofia ya njano ya kazi, anacheka. Mvua ilipungua ikabaki kudondoka kwenye ukingo wa bati.

"Weldon akienda," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, ili nisikie, "alibeba kila kitu. Nguo, viatu, mpaka blanketi ya kitanda. Mimi nilimsaidia kupanga. Sikuona ni mtu harudi."

"Mama..." Kipkurui akaanza.

"Nyamaza kwanza." Alinigeukia. "Wewe, baba yako amesema nini?"

"Amesema niende." Baba yangu, mzee Omosa, alichuna chai Kericho kwa miaka thelathini, na nilipomsomea barua alisema neno moja tu halafu akaenda nyuma ya nyumba kujipangusa macho. "Lakini mimi sitaki kwenda kama nikirudi nitakuta mlango umefungwa. Nampenda Kipkurui, Mama. Nasema mbele yako na sioni haya. Nataka kazi hii na namtaka huyu kijana wako. Kama lazima nichague kimoja, basi niambie leo, nilie mara moja nimalize."

Kipkurui aliinamisha kichwa.

Mama Tecla aliuvuta mtungi, akauweka kando yake, karibu na ukuta, pale anapopanga sotet zake.

"Hii inakaa hapa."

"Mama, lakini si umesema..."

"Nimesema siwezi kutumia. Sijasema nimekurudishia." Akanipiga kidole gotini. "Mtu akiacha kazi yake mbaya kwa nyumba ya watu, analala aje? Enda. Jifunze hiyo ya ndani. Ukija, utachukua mtungi yako utoe huo mchanga mwenyewe. Si Masese, si mtu ya Nairobi. Wewe. Na maziwa ya wageni ya koito itatoka kwa huo mtungi. Kama sio huo, hakuna koito."

"Wazee je?" Kipkurui akauliza. "Na shangazi?"

"Wazee wamengoja vitu mingi. Watangoja na hii." Alishika sotet yake akairudisha katikati ya magoti. "Na wewe, Naivasha kuna barabara. Pikipiki yako haijakufa."

*

Mama Tecla alitoka kwenda kuangalia ndama aliyekuwa akilia huko zizini, na sidhani kama ndama huyo alikuwa na shida yoyote.

Tulibaki na mtungi. Kipkurui alikuja akakaa chini karibu nami, si karibu sana, vile mtu anavyokaa akiwa bado hajaomba msamaha.

"Ile maneno ya Weldon," akasema. "Nisamehe."

"Ulikuwa umeogopa."

"Bado naogopa." Akachukua kona ya koti lake akanipangusa masizi shavuni, polepole, akikosea na kuyasambaza zaidi. "Bitu, nikikupigia simu na uko kazini, utanipigia?"

"Nitakupigia."

"Hata kama ni usiku?"

"Kip, ng'ombe zako unakamua saa kumi alfajiri. Wewe ndio utalala kwa simu."

Alicheka. Kicheko chake halisi, kile nilichokikosa tangu saa saba. Kisha akautazama mtungi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Huo mchanga. Mimi niliangalia sikuona kitu. Nataka kujua ni kitu gani kinakutoa kwangu."

Nilishika mkono wake, mkono mgumu wa mtu anayekamua ng'ombe kumi na moja kila siku, nikauongoza kwenye shingo ya mtungi. Ulipita kwa shida. Wangu ukaingia juu yake. Huko ndani kulikuwa na baridi, na vidole vyetu vilikuwa vimebanana, na nilikipeleka kidole chake taratibu kwenye kitako hadi kikagusa mshono.

"Hapa ni laini," nikasema. "Ngoja. Sasa hapa. Umesikia?"

Uso wake ulikuwa karibu na wangu, macho yamefumbwa kama ya mama yake.

"Nimesikia," akasema. "Ni kidogo sana."

"Ni kidogo sana."

"Miezi tisa kwa hii?"

"Kwa hii."

Alifikiri. Kidole chake kilipita pale mara nyingine, kana kwamba kinataka kukumbuka mahali.

"Basi nenda ukaijue," akasema. "Ijue vizuri mpaka Mama akose kasoro."

Ningemjibu, lakini kulikuwa na hatua mlangoni, na sauti ya Mama Tecla ikatupata tukiwa bado na mikono miwili ndani ya shingo moja, haitoki kwa haraka.

"Nyinyi wawili! Toeni mikono kwa mtungi yangu."